Leota Stroud na Madirisha ya Studio ya Brandvold

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye jikoni apunguze moto. Aliye kwenye foleni ya magari pale Hollywood atulie tu, maana hana pa kwenda. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyefariki Jumatatu ya wiki iliyopita, nyumbani kwake Glendale, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Jina lake Leota Stroud. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Leota Stroud, miaka themanini na miwili, mkuu wa chumba cha rangi wa Studio ya Brandvold.

Kama ulikua ukimcheka Clem, yule mbuzi wa katuni aliyekula kofia ya shemeji yake, akala hati ya nyumba, akala reli huku treni inakuja, basi umeiona kazi ya mikono ya Leota. Jina lake hukuliona. Majina yaliyotokea kwenye skrini yalikuwa ya wanaume sita, na la saba lilikuwa la mwenye studio, limeandikwa kubwa kuliko mbuzi mwenyewe.

Sasa niwatahadharishe mapema. Kwenye vipindi kama hiki tumezoea kumsifu marehemu mpaka ndugu zake wanaulizana tunamzungumzia nani. Leo haitakuwa hivyo. Leota mwenyewe hakutaka. Na kuna familia nyingine, ya kina Arriaga wa Boyle Heights, inayosubiri kusikia jambo moja likisemwa kwa sauti mbele ya watu. Jambo hilo linamhusu binti yao Refugio, aliyekufa kwa moto ndani ya studio hiyo mwaka 1938, akazikwa na lawama ya kuuwasha. Wameisubiri sentensi hiyo miaka hamsini na minane. Kwa hiyo mkinisikia nachekacheka njiani, nivumilieni. Nacheka ili nifike.

Leota alizaliwa mwaka 1914, magharibi ya Kansas, shamba la ngano. Wenye wazee waliotoka kule mnajua habari ya miaka ya thelathini. Mvua iligoma, upepo haukugoma. Udongo wa shamba ulinyanyuka ukaja kuishi ndani ya nyumba pamoja na watu. Mama yake Leota alikata mashuka ya zamani vipande virefu, akapika gundi ya unga wa ngano, wakaziba kila dirisha. Leota ndiye aliyeshika ndoo. Alikuwa na kaka mdogo aitwaye Delbert, wa miaka minne, mtoto mwenye kikohozi. Waliziba, wakaloanisha, wakaziba tena. Delbert akafa mwezi wa Machi mwaka 1935, mapafu yamejaa vumbi.

Mtoto wa kaka yake mwingine, Maurine, ndiye aliyemtunza Leota uzeeni. Alituambia hivi: "Shangazi akiingia nyumba yoyote, kitu cha kwanza anapitisha kidole juu ya fremu ya mlango. Hata siku ya harusi yangu alipitisha. Nikamwambia, shangazi, leo anakaguliwa bwana harusi, siyo mlango. Akasema, nimeshamkagua, ana afadhali."

Mwaka huo huo wa 1935 familia ikahamia California. Wiki ya pili Leota akapata kazi kwa Brandvold.

Studio ya Brandvold ilianzishwa mwaka 1931 na Everett Brandvold, mtu mrefu mwenye meno mengi. Alikodi jengo la matofali lililokuwa la dobi, karibu na Santa Monica Boulevard. Juu wakakaa wanaume, wakichora kwa penseli, wakirushiana matufaha na kulala mchana wakiita kuwaza. Chini wakakaa wanawake ishirini na wawili. Mchoro wa penseli ukishuka kutoka juu, mwanamke mmoja anaufuatisha kwa wino juu ya karatasi angavu ya seluloidi. Mwingine anaigeuza anapaka rangi kwa nyuma. Kisha inakwenda kupigwa picha. Filamu moja ya dakika saba ilikula karatasi elfu nane. Narudia: dakika saba, karatasi elfu nane. Ndiyo maana walio chini hawakuwa na muda wa kuwaza.

Karatasi zile hazikutupwa. Filamu ikishakwisha, zilirudi chini zikaoshwa kwa sabuni kwenye masinki ya dobi, rangi ikatoka, zikatumika tena. Kazi ya kuosha walipewa wageni, kwenye kona ya mwisho kabisa, mbali na mlango. Kumbukeni mahali hapo.

Wasichana walivaa glavu nyeupe zilizokatwa vidole vitatu, mafuta ya mkono yasiharibu kazi. Adui mkubwa kuliko yote alikuwa vumbi. Chembe isiyoonekana mezani, ikibanwa chini ya kioo cha kamera, kwenye skrini inakuwa nukta nyeusi inayorukaruka. Mwanzoni mwa mwaka 1937 filamu moja ya Clem ilionyeshwa mbele ya wenye kumbi za sinema, nukta zikarukaruka juu ya mbuzi mzima. Watu wakacheka pasipopaswa. Mmoja akauliza kama studio inamnunulia mbuzi wake dawa ya viroboto.

Brandvold alishuka chini siku hiyo uso umemwiva. Akauliza vumbi linatoka wapi. Hakuna aliyejibu isipokuwa Leota.

"Barabarani," akasema. "Kwetu tuliziba madirisha."

"Mliziba na nini?"

"Mashuka na gundi ya unga. Juu yake tukapiga rangi."

"Na vumbi likaacha kuingia?"

Leota akapitisha kidole juu ya fremu ya dirisha. Kisha akasema, "Likapungua."

Jumamosi moja na Jumapili yake, Leota aliziba madirisha manne ya chumba kile kwa mikono yake. Vitambaa, gundi, rangi ya mafuta, mara tatu. Vioo vyenyewe vilikuwa vile vya kiwandani, vyenye wavu wa waya ndani yake. Nukta zikakoma. Kufika kiangazi akafanywa mkuu wa chumba, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, akiamrisha wenye umri wa mama yake. Wakampa jina la Bi Vumbi. Akijua kabisa, akaitika.

Mwaka 1938, majira ya kuchipua, akaja Refugio Arriaga. Nyumbani na kazini aliitwa Cuca. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mfupi, mdomo mrefu. Akapelekwa kwenye sinki pamoja na Edna Pruitt, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akirudi kazini baada ya uzazi. Wale waliokuwa chumbani wanasema kulikuwa na kicheko kingi kwenye kona ile kuliko chumba chote.

"Bi Vumbi," Cuca aliita siku moja kutoka kwenye sinki, "nimepiga chafya. Nijisalimishe polisi mwenyewe au utaniandikia barua?"

"Geuza uso ukutani," Leota akamjibu.

"Ukuta nao utaugua."

"Wewe msichana, nilikuajiri uoshe au uhubiri?"

"Naosha kwa mikono, mdomo hauna kazi. Ungenipa brashi, nao ungenyamaza."

Leota alificha kicheko nyuma ya karatasi. Alimwambia Maurine jambo hilo miaka mingi baadaye, na akasema alipanga kumpa Cuca brashi mwezi wa Septemba.

Sikilizeni vizuri hapa. Cuca alikuwa na pumu. Kila mtu alijua. Wakati wa mapumziko wenzake wakitoka uani kuvuta sigara, yeye alikwenda kukaa upande wa pili wa jengo, penye mapipa ya taka, na kusema mapipa yananukia vizuri kuliko wao. Cuca alikuwa na pumu na hakuwahi kuvuta sigara. Narudia: hakuwahi.

Chumba kilichozibwa madirisha, Los Angeles, mwezi wa Agosti. Mnaweza kufikiri wenyewe. Rangi iligoma kukauka kwa jasho la watu. Filamu ilitakiwa Ijumaa. Kulikuwa na feni kuukuu iliyobaki tangu enzi za dobi, na feni hiyo ilikuwa ikitoa cheche mgongoni. Leota alishapeleka taarifa juu mara mbili. Juu walikuwa wanawaza. Alhamisi ya tarehe kumi na nane Agosti, baada ya chakula cha mchana, Leota akaiburuta feni mwenyewe, akaiweka mbele ya rafu za kukaushia, akaiwasha. Halafu akachukua rundo la karatasi zilizo tayari, akazipeleka chumba cha kamera. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini, cheche ya feni iliporukia rafu.

Seluloidi ya zamani ile haikuwa ikiungua kama karatasi ya kawaida. Ilikuwa inalipuka. Maji hayakuizima, na moshi wake ulikuwa sumu. Rafu zilikuwa katikati ya chumba. Wanawake ishirini walikuwa upande wa mlango, wakatoka, wengine nywele zinaungua. Wawili walikuwa upande wa sinki. Edna na Cuca walikimbilia dirisha lililokuwa karibu nao. Dirisha lile halikufunguka. Halikuwahi kufunguka tangu liliposhikwa na Leota. Walipiga kioo kwa kiti, kikapasuka, waya ukabaki.

Zimamoto walipoingia waliwakuta hapo. Kwenye rangi ya fremu kulikuwa na alama za kucha, kuzunguka dirisha zima. Leota aliziona. Alilazimisha kuingia akaziona.

Siku ya tatu Brandvold alimwita ofisini. Alikuwemo mwanasheria wa studio. Mezani kulikuwa na karatasi moja, imeshapigwa chapa. Ilisema mkuu wa chumba alimwona mfanyakazi mpya, Refugio Arriaga, akivuta sigara karibu na rafu, akamkanya, naye msichana akarudia.

Leota alisema, "Alikuwa na pumu."

"Daktari wake ni nani?" mwanasheria akauliza.

"Hana daktari."

"Basi hakuwa na pumu."

Leota akasema, "Mimi ndiye niliyewasha feni. Madirisha ni mimi."

Brandvold akamwendea, akamshika bega kama baba. "Leota, mwanangu, ukisema hivyo unafungwa wewe, na hawa ishirini wanakosa kazi wote, na mama yako anarudi Kansas kula mchanga. Cuca hafukuzwi kazi. Cuca hafungwi. Hili halimgusi tena."

Leota akasaini.

Nimeulizwa na watu: na wale wanawake ishirini je? Wote walijua kuhusu pumu. Mmoja wao, ambaye naye sasa ni marehemu, alimjibu Maurine hivi: "Tulikuwa na watoto. Tukatazamana. Kisha tukaacha kutazamana."

Magazeti yakaandika sigara ya msichana wa Boyle Heights. Kwenye mazishi ya Edna, mama yake Cuca, Bi Eulalia Arriaga, alikwenda kutoa pole. Alivaa gauni lile lile alilomzikia binti yake jana yake. Mume wa Edna alimtemea mate miguuni, mbele ya watu wote, akamwambia, "Binti yako ameniulia mke." Bi Eulalia alirudi nyumbani, na tangu siku hiyo akahamia kusali kanisa la mbali, mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, kwa sababu kwenye lile la jirani watu walikuwa wanalihama benchi alilokalia.

Mdogo wake Cuca, Amparo, alikuwa na miaka kumi na minne. Leo ana sabini na miwili. Tulimtembelea. Alitukaribisha kahawa, kisha akatuambia anatupa nusu saa, kwa kuwa watu wa redio humaliza biskuti.

"Nilitaka mama yangu asikie ukweli akiwa hai," alisema. "Hilo tu. Sikutaka kingine. Kwa hiyo kila tarehe kumi na nane Agosti nilikwenda kusimama kwenye lango la studio. Leota akitoka, namuuliza: dada yangu alivuta sigara? Anajibu: nimeshasema nilichosema. Namwambia: haya, tutaonana mwakani. Mara kumi na tisa. Mwaka mmoja nilikuwa na mimba ya miezi minane, akanitolea kiti. Nikakikataa. Nikamuuliza swali lile lile nimesimama."

Mara kumi na tisa, wasikilizaji. Wakati huo studio nayo ilikuwa ikizeeka. Madirisha mapya yakawekwa, yanayofunguka. Vita vikaja, Clem akavalishwa kofia ya chuma akawafundisha askari kuosha miguu. Kisha televisheni ikaingia majumbani, kumbi za sinema zikapungua watu, na katuni za kupaka kwa mkono zikaonekana anasa. Wanaume wa juu wakapunguzwa mmoja mmoja, wakagundua kwamba kuwaza hakulipwi nyumbani. Oktoba mwaka 1957 Brandvold akafunga milango. Karatasi zilizobaki stoo, maelfu, zilitupwa kwenye mapipa yale yale alikokaa Cuca. Watoto wa mtaa wakaziokota, wakazitelezea uani.

Lango likafungwa, Amparo akakosa pa kusimama. Bi Eulalia akafariki mwaka 1961. Alifariki bila kusikia.

Miaka ikapita. Leota hakuolewa. Alipaka rangi sahani kwenye kiwanda kimoja, akastaafu, akahamia Glendale, akapitisha kidole juu ya milango ya majirani. Kisha dunia ikageuka kama inavyopenda. Vile vilivyotelezewa na watoto vikawa mali. Watu wazima wenye tai wakaanza kukusanya karatasi za Clem, kuziweka kwenye fremu. Wakatafuta aliyezipaka, wakamkuta hai, ana akili timamu na maneno makali. Leota akawa bibi wa heshima. Alialikwa kwenye mikutano, akaulizwa siri ya ile bluu ya anga ya Brandvold. Akatoa siri, akapigiwa makofi.

Mwaka 1994 jumba moja la makumbusho hapa mjini likafungua maonyesho ya studio. Kulikuwa na picha kubwa ya chumba cha rangi. Leota katikati, kidevu juu. Kwenye kona, nyuma kabisa, msichana mfupi kwenye sinki, anacheka. Chini ya picha maandishi yalisema huyo ndiye mfanyakazi ambaye sigara yake iliwasha moto wa mwaka 1938.

"Shangazi aliyasoma mara tatu," Maurine anasema. "Akaniomba tuondoke. Kwenye gari akasema, nipeleke Boyle Heights. Nikamuuliza kwa nani. Akanitajia namba ya nyumba. Alikuwa anaijua kwa moyo, na hajawahi kwenda."

Amparo alifungua mlango. Hakumkaribisha ndani. Saa saba mchana, jua la Julai, mwanamke wa miaka themanini kwenye ngazi.

"Sema," Amparo akamwambia.

"Cuca hakuvuta sigara."

"Hilo nalijua tangu nina miaka kumi na minne. Nipe nisilolijua."

Ndipo Leota akamweleza. Mashuka, gundi, rangi mara tatu. Feni. Chumba cha kamera. Karatasi iliyopigwa chapa. Alama za kucha. Aliyaeleza yote akiwa amesimama, na Maurine anasema hakushika hata ukuta.

Amparo akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama alisali kanisa la mabasi mawili miaka ishirini na tatu. Mimi umeniambia. Sasa nenda ukawaambie walioambiwa uongo." Akafunga mlango.

Leota akaandika kwa makumbusho. Wakamjibu kwa adabu kwamba wanahitaji ushahidi wa wakati ule. Ushahidi pekee wa wakati ule ulikuwa ile karatasi aliyoisaini. Mnaona alivyobanwa? Uongo wake ulikuwa na tarehe na sahihi, ukweli wake ulikuwa na mdomo wa bibi wa miaka themanini.

Akaamua kusema hadharani. Novemba ile kulikuwa na mkutano wa mwaka wa wapenzi wa katuni, kwenye hoteli moja Burbank, watu mia nne. Akamwandikia Amparo aje. Amparo akaenda, akakaa mstari wa tatu. Leota akapandishwa jukwaani, akapewa maua. Akaulizwa kuhusu bluu ya anga. Akaulizwa kama ni kweli wanaume wa juu walikuwa wanalala. Akasema hapana, kulala kunahitaji bidii. Ukumbi ukacheka. Kisha kijana mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Bibi, na ule moto?"

Leota akafungua mdomo. Maurine anasema alihesabu mpaka kumi na mbili. Leota akasema, "Ilikuwa siku ya huzuni sana." Makofi yakapigwa. Amparo akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka.

Ulikuwa mwoga, Leota. Wewe mwenyewe, kabla hujafariki, ulisema nikuambie hivyo hewani, basi nimekuambia.

Lakini baada ya hotuba kulikuwa na meza ya sahihi. Kawaida ya mikutano hiyo, mwenye karatasi yake anapanga foleni, bibi anamwekea jina pembeni, chini ya mchoro. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja kutoka Pasadena, na karatasi ya Clem anakula piano. Leota akachukua kalamu ya wino, ile ya nibu nyembamba aliyoitumia tangu ujana. Akaandika muda mrefu. Bwana akaisogeza, akasoma:

"Refugio Arriaga hakuvuta sigara. Madirisha niliziba mimi. Feni niliwasha mimi. Leota Stroud."

"Mama," yule bwana akasema, "mimi niliomba jina lako tu."

"Lipo. Lisome, liko mwisho."

"Umeniharibia karatasi yangu."

"Karatasi yako nilishawahi kuiosha kwa sabuni, baba. Shukuru ipo. Anayefuata."

Siku hiyo aliandika kumi na moja kabla waandalizi hawajagundua. Mwenye karatasi mmoja alijaribu kufuta maneno kwa kitambaa chenye maji, akaondoka na sikio la mbuzi kwenye kitambaa. Waandalizi wakamkataza Leota kukaa kwenye meza ya sahihi tena. Akaweka tangazo kwenye jarida la wakusanyaji: Leota Stroud anatia sahihi nyumbani, Glendale, bila malipo. Wakaja. Wengine hawakuwa wamesikia. Wengine walikuwa wamesikia ndiyo maana wakaja. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka, lakini ukishika nibu unatulia, na mstari unatoka safi kama wa mwaka 1937. Maneno ambayo mdomo ulikataa, mkono uliyatoa. Maurine alikuwa anakausha wino na kuhesabu. Karatasi arobaini na tatu. Narudia: arobaini na tatu, zimetawanyika kwenye kuta za watu, hapa na majimbo mengine. Ya mwisho aliiandika siku nne kabla ya kufa.

Moja, Maurine alimpelekea Amparo. Tulimuuliza Amparo alifanya nini nayo. Akasema, "Nilitazama mwandiko. Mzuri. Nikaiweka kwenye droo ya hati za mama." Tukamuuliza kama amemsamehe Leota. Akatazama saa, akasema nusu saa yetu imekwisha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Maurine na familia yote ya Stroud. Natoa pole kwa watoto wa Edna Pruitt, popote walipo, ambao wamekua wakimchukia mtu asiyehusika. Na natoa pole kwa familia ya Arriaga, pole iliyochelewa kuliko zote nilizowahi kusoma. Kama una moja ya karatasi hizo arobaini na tatu, usiifute na usiifiche nyuma ya fremu. Jumamosi hii saa nne asubuhi Maurine atakuwa kwenye ngazi za jumba la makumbusho. Njoo nayo. Wanataka ushahidi, tuwapelekee. Na usiye na karatasi, kaa na swali hili jioni ya leo: kuna jina la nani ulilolichafua kwa sahihi yako, ukajiambia kwamba mwenyewe halimgusi tena?

Refugio Arriaga, miaka kumi na tisa, hakuvuta sigara. Sasa limesemwa.

Mazishi ni Ijumaa, Glendale. Nilimpigia Amparo asubuhi hii kumuuliza kama atakwenda. Akasema atakwenda, atakaa nyuma, na hatalia. Akanipa ujumbe nimpelekee marehemu, kwa kuwa anaamini redio inafika mbali. Nausoma kama alivyousema: "Mwambieni Leota, akifika huko amtafute mama yangu kwanza. Cuca asimwogope. Cuca atamcheka tu. Aende kwa mama, asimame, aseme yote, na asisubiri kukaribishwa kiti."